Geuza jalada usome majina: namna ya kuwapata wanamuziki wa jazi na bluzi waliosahaulika

Ukitaka kusikiliza jazi na bluzi zaidi ya yale majina ya kila siku, ushauri wangu wa kwanza ni huu: achana na orodha za "wakali wa zama zote". Zinanakiliana tu. Anza na santuri ambayo tayari unaipenda, geuza jalada, soma majina ya waliopiga na waliotunga. Chagua moja usilolijua, umfuate huyo tu, santuri kwa santuri, mpaka siku utakapomtambua kabla hujatajiwa jina lake.

Hivyo ndivyo nilivyompata Melba Liston, mpiga tromboni wa Marekani. Santuri yenyewe ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960. Msikilizaji wa Kiswahili hawezi kuipita hivi hivi. Mwanzoni kabisa, pamoja na ngoma, sauti ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika inaghani kwa Kiswahili shairi la mshairi wa Marekani Langston Hughes, mwaka mzima na zaidi kabla Tanganyika yenyewe haijapata uhuru wake. Kipande cha mwisho kinaitwa "Kucheza Blues". Mwaka 1964 serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliipiga marufuku. Waliopiga ni watu wazito: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef kwenye saksofoni, Max Roach na Olatunji kwenye ngoma. Jina la Liston limeandikwa kama mpangaji wa muziki, na hapo ndipo wengi wetu tunaruka mstari.

Usiuruke. Mpangaji ndiye anayeamua nani apulize nini, aingie lini, anyamaze lini. Weston alileta tungo zake kwenye piano. Liston ndiye aliyezigawa kwa bendi nzima. Sikiliza "African Lady", uache waimbaji kidogo, uwafuate wapulizaji walio nyuma yao. Baada ya hapo nenda nyuma hadi bendi kubwa ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie ya mwaka 1956, utafute "My Reverie". Humo Liston amepanga muziki na pia anapiga tromboni yeye mwenyewe, polepole, kwa sauti nzito isiyo na papara. Ukishamsikia hapo, utakuwa umeshajua ni nani aliyekuwa anafikiri ndani ya Uhuru Afrika.

Alizaliwa Kansas City mwaka 1926, akakulia Los Angeles, mwanamke mwenye tromboni katika bendi zilizojaa wanaume. Kama kiongozi alitoa albamu moja tu, Melba Liston and Her 'Bones, iliyorekodiwa 1958. Miaka ya 1970 alikuwa Jamaica akifundisha muziki. Mwaka 1985 alipata kiharusi, tromboni ikamshinda, lakini aliendelea kupanga muziki kwa msaada wa kompyuta, na mwaka 1991 anasikika tena kupitia mipangilio yake kwenye The Spirits of Our Ancestors ya Weston. Kwa maoni yangu, anayesema anaijua jazi ya Marekani bila kumjua huyu mama bado ana kazi ya kufanya.

Njia ya pili ni jina dogo lililo kwenye mabano chini ya jina la wimbo: mtunzi. Wapenzi wa mwimbaji Billie Holiday wote wanaujua "Lady Sings the Blues". Maneno ni ya Holiday, lakini muziki ni wa Herbie Nichols, mpiga piano wa New York ambaye kwa miaka mingi alijipatia riziki akipiga mitindo ya kizamani aliyoletewa na wenye kazi. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Blue Note ilimrekodi akiwa na besi na ngoma tu, kwenye ngoma mara Art Blakey, mara Max Roach. Sehemu ya kazi hiyo haikutolewa akiwa hai, na alifariki mwaka 1963 akiwa na miaka 44. Ukimsikiliza, weka sikio kwenye ngoma. Tungo zake zimeachiwa nafasi ili ngoma ijibu, na piano inasubiri jibu hilo kabla ya kuendelea.

Kwenye bluzi za zamani jalada mara nyingi halipo, hivyo sikiliza maneno. Mwimbaji na mpiga gitaa Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928 kwa kampuni ya Okeh, kisha akarudi shambani na kusahaulika. Katika wimbo mmoja aliutaja mji wake, Avalon. Mwaka 1963 mpenzi wa muziki aitwaye Tom Hoskins aliufuata mstari huo kwa msaada wa ramani ya zamani, akamkuta mzee yupo hai. Mwaka huo huo Hurt alipanda jukwaani kwenye tamasha la muziki la Newport. Kwa hiyo andika pembeni kila mji, mto na kituo cha treni kinachotajwa.

Mikwaruzo isikufukuze. Kampuni ya Paramount ya Wisconsin ilikuwa mali ya watengeneza viti, na santuri zake zilikuwa za malighafi duni. Ndiyo maana nyimbo alizorekodi mwanabluzi Skip James kwa kampuni hiyo huko Grafton mwaka 1931 zinasikika kama zinachemka. Vaa spika za masikioni, usikilize wimbo mmoja mara tatu mfululizo. Mara ya tatu sikio limeshaizoea kelele na vidole vinaanza kusikika juu ya nyuzi. Na kama kuna nakala iliyosafishwa sana, iache: wakifuta mkwaruzo, mara nyingi na mlio wa gitaa unaondoka nao.

Programu za kusikilizia muziki kwenye simu mara nyingi hazitaji waliopiga. Kwa jazi tazama picha za majalada kwenye tovuti ya Discogs. Kwa santuri za zamani kuna hifadhidata ya bure ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inayoonyesha tarehe, mji na wapigaji pale wanapojulikana, na rekodi nyingine unazisikiliza papo hapo. Kurasa za maandishi hazili bando sana, hivyo soma kwanza, sikiliza baadaye.

Jambo moja linaniuma. Wanamuziki hawa wanatangazwa kwa umaskini wao na maradhi yao, kana kwamba kuteseka ndiyo kazi waliyoifanya. Ukimpata mmoja, ukimwambia mwenzako, anza na alichopiga.

Kama huna santuri ya kuanzia, chukua Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder ya mwaka 1976. Nenda kwenye "If It's Magic". Kinubi unachokisikia ni cha Dorothy Ashby wa Detroit. Kisha tafuta The Jazz Harpist ya mwaka 1957, halafu Afro-Harping ya 1968, uzisikilize kwa mpangilio huo huo.