Kisu Kimoja Kipya Kilivyoniharibia Msimu wa Nyasi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sanya Juu aliniandikia akiuliza kwa nini mashine yake ya kukatia nyasi inatetemeka hadi trekta linatikisika, ilhali amenunua kisu kipya juzi tu. Nilipoliona neno "kisu" kwa umoja nilijua tatizo lake, kwa kuwa kosa hilo nimekwisha kulilipia.

Shamba langu la nyasi za malisho aina ya Rhodes lipo chini ya Boma la Ng'ombe, nami hukata mwezi Juni, masika yakishapita, kwa mashine ya madramu mawili, yaani mapipa yanayozunguka kwa kasi, yenye visu vitatu kila dramu. Miaka miwili iliyopita kisu kimoja kiligonga jiwe kikapinda, nami nikanunua kimoja tu na kukifunga pamoja na viwili vilivyokwisha kulika. Sikufikiri kwamba kisu kilicholika ni chepesi kuliko kipya, na kwamba kwa kasi ile tofauti ya gramu chache hugeuka mtetemo unaoua beringi. Siku ya tatu beringi ilikufa. Fundi niliyemwita kutoka Moshi alimgeukia dereva wangu, akasema mbele yangu kwamba mama awaachie wanaume mambo ya mashine, kisha akapendekeza kukichomelea kile kisu kilichopinda! Kisu cha namna hii hakichomelewi, kwa sababu moto huharibu ugumu wa chuma, na kipande kikikatika huruka kama risasi. Nilimlipa nauli tu. Nyasi zikasimama hadi zikatoa mbegu na kukomaa, na wafugaji walioniagiza marobota wakanunua kwingine.

Tangu hapo visu vya dramu moja hubadilishwa vyote kwa pamoja, na boliti zilizolika pia. Vikiwa na makali pande mbili, navyo hugeuzwa vyote siku hiyohiyo. Jioni, trekta likiwa limezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, nasubiri madramu yasimame kabisa ndipo niondoe tope na nyasi zilizosokotana, maana kisu kinapaswa kuning'inia huru ili kikigonga jiwe kirudi nyuma.

Wenzangu, acheni ubahili. Mnanoa kwa grinda mpaka chuma kinageuka buluu, kisha mnashangaa kikiisha makali kwa siku moja. Tazameni mashina yaliyobaki shambani: yakiwa yamechanika badala ya kukatika, visu vimekwisha, na nyasi hizo zitachelewa kuchipua.

Nawe kijana wangu, vua visu vyote vitatu, uvipime kwenye mizani, na hicho kipya ukipake mafuta na kukihifadhi mpaka upate wenzake wawili. Ukishavifunga, zungusha dramu kwa mkono kwanza. Yule fundi naye alinipigia mwaka huu kuniuliza visu vyangu nanunua wapi, nami nilimwelekeza.