Mwanangu wa miaka 12 anatakiwa Arusha kwa mpira, nitoe mtaji?

*Shikamoo shangazi. Ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma hapa Mwanza. Nachukua dagaa Mwaloni Kirumba, nauza rejareja. Mtoto wangu wa pili ni wa kiume, ana miaka 12, yuko darasa la sita, na anachezea timu ya kituo kimoja cha kukuza vipaji. Mwaka jana mechi zao zilikuwa hapa hapa mjini. Mwaka huu amekuja kocha mpya, sasa ni Geita, Shinyanga, na kila mwezi lazima Musoma. Kila safari mzazi anachanga shilingi 45,000. Juzi wametangaza mashindano ya Arusha mwezi Desemba, shilingi 380,000 kwa kila mtoto, mwisho wa kulipa Ijumaa ijayo. Kocha anasema watakuwepo mawakala kutoka Ulaya. Mume wangu alicheza sana mpira wa ndondo mpaka goti likamkatisha, naye anasema tuuze chochote kile mtoto aende. Safari ya mwisho ya Musoma niliilipia kwa hela ya mtaji, na mpaka leo sijairudisha. Mtoto anaupenda mpira kweli, ingawa kule Musoma waliingia mechi tatu na yeye alicheza dakika 15 tu. Jumatatu yake alisinzia darasani, akaniomba nisimwambie baba yake. Dada yake wa kidato cha pili ameniuliza, "Mama, kwa bibi Ukerewe tutaenda lini?" Nilikosa jibu. Shangazi, mzazi anatakiwa kufika umbali gani kwa ajili ya kipaji cha mtoto?*

*Mama wa dagaa, Igoma*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja ambapo wewe umepapita upesi: mtoto alisinzia darasani, akakuomba usimwambie baba yake. Mtoto wa miaka 12 ameshajifunza kwamba uchovu wake ni habari mbaya kwa baba. Hilo limenigusa kuliko hizo laki tatu na themanini, na nitalirudia.

Kwanza nikupe jibu la Arusha maana Ijumaa inakaribia. Mwaka huu asiende.

Umeniuliza umbali gani. Ungeniuliza miaka michache nyuma ningekwambia hata Geita ni mbali, kwa sababu mlikuwa mnaweza kufika Kigongo asubuhi mkakaa kwenye foleni ya kivuko mpaka watoto wanaanza kulilia chakula. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji ni dakika chache tu. Barabara ni ile ile, Geita iko pale pale, lakini safari imekuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo kilomita peke yake haziniambii kitu. Kwa umri wa mwanao mimi napimia kitanda: je, atakwenda, atacheza, na atarudi kulala kwake kabla giza halijaingia? Geita inawezekana. Shinyanga nayo inawezekana mara moja moja, mkitoka alfajiri na mechi ikichezwa mapema. Musoma kila mwezi haiwezekani. Ni zaidi ya kilomita 200 kwenda, Magu, Lamadi, Bunda, halafu zote hizo tena kurudi, na Jumatatu mtoto anatakiwa kuwa mstari wa mbele asubuhi na daftari lake. Ndiyo maana alisinzia. Hana uvivu, amechoka.

Halafu dakika. Umeziandika kama jambo dogo, "ingawa alicheza dakika 15 tu." Mwanangu, kaa chini uzihesabu. Alikaa kwenye Coaster zaidi ya kilomita 400 ili aguse mpira kwa robo saa. Mpira wa umri huu mtoto anajifunza akiwa na mpira mguuni. Benchi la Musoma halimfundishi kitu ambacho benchi la Igoma lingeshindwa kumfundisha. Angebaki nyumbani Jumamosi hiyo akacheza mechi moja nzima na watoto wa Kisesa, angerudi na vumbi mpaka masikioni na amejifunza mara nyingi zaidi. Hili ndilo swali la kumpelekea kocha, na umuulize kwa heshima na bila kuogopa: safari ijayo mwanangu atacheza dakika ngapi? Kocha anayejua kazi yake anakuwa na jibu. Akikwambia inategemea na matokeo, basi timu hiyo inasafiri kutafuta vikombe, na mwanao anawachangia wenzake nauli.

Timu za kucheza nazo karibu zipo. Magu wapo, Misungwi wapo, Sengerema sasa ni kuvuka daraja tu. Na kuna njia ambayo watu wa vituo huwa hawaitaji sana: UMITASHUMTA. Mtoto wa shule ya msingi anaanzia kwenye timu ya shule yake, akionekana anachukuliwa wilaya, kisha mkoa, mpaka taifa. Akifika huko kwa mguu wake, atakuwa amesafiri mbali kwa sababu amechaguliwa, na mtoto anaijua tofauti hiyo hata asipoisema. Nenda kamuone mwalimu wa michezo wa shuleni kwake wiki hii. Na Jumamosi ambayo Pamba Jiji wako nyumbani, baba yake amchukue wakakae jukwaani CCM Kirumba, amwoneshe beki anavyojipanga kabla mpira haujafika. Kwa mtu aliyecheza, hilo ni somo analoweza kulitoa vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa hao mawakala wa Ulaya. Hapa nina hasira kidogo, na sitaificha. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama vile wazazi wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa shughuli zisizohusu mpira. Mwanao ana miaka 12. Hata huyo wakala awepo Arusha, hata ampende mtoto kupita wote uwanjani, hana pa kumpeleka kihalali kwa miaka sita ijayo. Mbwana Samatta alipotoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 alikuwa ameshafika miaka 18. Genk ya Ubelgiji ilikuja mwaka 2016, Aston Villa mwaka 2020. Safari ya mtu mzima, hatua baada ya hatua. Sisemi kocha wenu ni mwongo, huenda naye ameambiwa akaamini. Lakini mtu yeyote akikwambia Ulaya inamsubiri mtoto wa darasa la sita, shika pochi yako. Na akikudokeza kwamba cheti cha kuzaliwa kinaweza "kurekebishwa" ili mtoto aonekane mdogo, muondoe mwanao hapo siku hiyo hiyo.

Nikwambie na langu. Binti yangu wa kwanza alikuwa wa netiboli, mrefu, anaruka kama swala. Nilimzungusha kila walikotuita. Alipofika miaka 13 akaanza kulalamika goti, pale chini kidogo ya pia ya goti, kwenye mfupa, pakawa na kinundu kinachouma akipanda ngazi. Mimi nikamwambia vumilia, wenzako wanavumilia. Alivumilia mpaka siku aliyokataa kuvaa viatu. Daktari alinieleza kitu ambacho ni cha kawaida kwa watoto wanaorefuka huku wakikimbia na kuruka sana: mshipa wa goti unavuta pale mfupa unapoendelea kukua, na dawa yake kubwa ni kupunguza michezo mpaka patulie. Kingetulia mapema, kama ningemsikiliza. Alirudi uwanjani baadaye, lakini ile furaha haikurudi naye, na bado naliona hilo kila nikikaa naye mezani. Madaktari wa michezo wana kipimo chepesi cha kukumbuka: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Miaka 12, saa 12, na siku moja au mbili za kupumzika kabisa. Chukua karatasi, piga hesabu ya mwanao, ukianzia mazoezi ya jioni.

Kuhusu hela sitakuwa na maneno mengi kwa sababu jibu unalijua. Mtaji wa dagaa ndio ada, ndio unga, ndio daftari za watoto wote watatu. Hela ya mpira itoke kwenye kinachobaki. Kisipobaki, hakuna safari mwezi huo, na hiyo si aibu. Iliyotoka kwa ajili ya Musoma irudi kwanza.

Mumeo usimwendee na barua hii mkononi kama hati ya mashtaka. Yule ni baba anayeona mwanawe akikimbia kwa goti zima, goti ambalo yeye alilipoteza. Anachotaka kwa mtoto ni chema. Ila hajui kuhusu Jumatatu ile. Ni wewe unayetakiwa kumwambia, usiku, watoto wamelala, kwa sauti ya chini: mtoto alisinzia darasani na akaogopa wewe usije ukajua. Usiongeze neno. Muache akae nalo. Nadhani goti lake litamkumbusha mengine. Na mtoto umwambie mapema kwamba siri hiyo umeshindwa kuitunza, na kwa nini, ili asidhani umemsaliti.

Siku za mbele zikija safari za kulala, akiwa amekua, kuna mambo utayauliza kabla hujatoa hata mia. Watoto wanalala wapi? Nani analala karibu nao, na ni mtu mzima mmoja au zaidi? Kuna mzazi anayeruhusiwa kuongozana nao? Gari ni ya nani, na wanarudi saa ngapi? Mabasi yamesharuhusiwa kutembea usiku, lakini Coaster ya kukodi yenye watoto 25 na dereva aliyeendesha tangu alfajiri mimi siitaki barabarani saa nne za usiku. Kiongozi akikereka kwa maswali hayo, mtoto abaki.

Nimemuacha binti yako mwisho makusudi, kwa sababu naye nyumbani anaachwa mwisho. Swali lake halikuwa la bibi peke yake. Amehesabu Jumamosi zote, zimekwenda kwa mdogo wake, na hakulalamika, aliuliza tu kwa adabu. Desemba kata tiketi za meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, nendeni wote watano mkamwone bibi. Umwambie yeye kwanza, leo, kabla ya mtu mwingine yeyote. Muulize na yeye anapenda nini, maana katika barua nzima umeniandikia anachopenda mdogo wake, na chake sijakisoma.

Kijana mwambieni wewe na baba yake, mmekaa pamoja, kabla ya Ijumaa, asije akasikia kwa wenzake mazoezini. Mwambieni Arusha haipo mwaka huu, Geita ipo, na timu hajaachishwa. Atalia. Msimkatize, na msimwahidi kitu cha kumnyamazisha. Akimaliza, baba yake achukue mpira watoke nje.