Muulize mtoto: umejuaje?

Mtoto akimwona mtu njiani, akabahatisha kazi yake na kusema "yule mvuvi", wengi wetu tunaitikia "hewaa" na safari inaendelea. Mimi humuuliza: umejuaje? Faida yote imo katika swali hilo, hata kama jibu lake lilikuwa sahihi. Nasomesha watoto wadogo hapa Wete, Pemba, na wapo wanaosoma ukurasa mzima bila ya kukwama. Lakini waulize mama wa kwenye hadithi anafanya kazi gani, wataitafuta sentensi yenye neno "kazi". Wasipoiona, kimya. Hawajazoea kuchukua walichokiona, wakakiunganisha na wanachokijua, wakapata ambacho hakikutajwa.

Vitabu vya picha, vya daktari na koti lake jeupe, sivipendi kwa jambo hili. Jibu mtoto analo kabla hajaangalia, na tena koti jeupe huvaliwa na mtu wa maabara vilevile. Hata vitendawili vyetu vya zamani havitoshi: ukisema "nyumba yangu haina mlango", wote wanapiga kelele "yai!", maana wameshakariri. Tunga vyako, kwa watu wanaopita mtaani kwenu.

Kwa sisi wa Pemba, msimu wa karafuu unatosha kuwa darasa. Anapita mtu, vidole vimepiga weusi na vinanukia karafuu. Watoto wanasema, "Mchumaji huyo!" Nawaambia wangoje. Anayekaa barazani usiku akitenga karafuu na makonyo, yaani vile vikonyo vyake, vidole vyake viko hivyohivyo. Anayeanika kwenye majamvi ananukia. Na anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo kule Wawi naye hurudi na harufu hiyo, na huenda mkarafuu hajaukwea maisha yake. Basi harufu imetwambia karafuu, kazi bado haijatwambia. Tutafute dalili nyengine: mikwaruzo ya matawi mikononi, alama shingoni za kung'atwa na majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, kijiti kilichopinda ncha cha kuvutia matawi.

Siku moja mtoto akanipinga: majimoto wamo hata kwenye miembe, huenda mtu huyo katoka kuangua maembe. Nilifurahi mno, kwa sababu hapo ndipo anapotakiwa afike. Majimoto peke yao hawatoshi, vidole peke yake havitoshi. Vikikutana kwa mtu mmoja, msimu wenyewe ndio huu, sasa tunaweza kusema "mchumaji" kwa uhakika zaidi. Na hata hapo nawafunza kutanguliza "labda". Wazazi wengine hulichukia neno hilo, wanaona mtoto hana hakika. Mimi nalipenda, maana mtoto aliyesema "labda" haoni taabu kubadilisha kauli akiona dalili mpya.

Kwa wanaoanza, nawapa sentensi ya kufuata: naona hiki, najua hiki, kwa hiyo labda hivi. Mwanamke anapanda kutoka pwani, nguo zimerowa mpaka kiunoni. Naona maji. Najua leo bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na sasa yamekupwa. Labda katoka kwenye shamba lake la mwani. Lakini wanaotanda dagaa nao hurowa, na wanaookota chaza pia. Angalia kabeba nini: akiwa na kamba na vijiti vilivyochongwa ncha, basi jibu la mwani limekaribia.

Adabu iende sambamba na mchezo huu. Hatumnyooshei mtu kidole wala hatumjadili naye anasikia. Kwanza shikamoo, apite, ndipo tuzungumze. Akiwa mtu wa karibu, mwache mtoto akamuulize mwenyewe kwa heshima, "Babu, unafanya kazi gani?", ajue kama alipatia.

Na kuna pahala ambapo mimi husimama kabisa. Watoto hutoka kwenye nguo chafu wakarukia "maskini". Hapana. Tope mpaka magotini limekwambia mtu huyu kapita kwenye tope, pengine katoka kwenye bonde lake la mpunga. Umaskini wake umeuona wapi? Mtoto asiyeulizwa hivyo mapema hukua akiwapima watu kwa nguo zao, naye anadhani ana akili ya kuwasoma.

Kama una mtoto mkimya asiyependa kujibu, mgeuzie: yeye ndiye atege kitendawili. Aeleze mikono ya baba au ya mama inavyokuwa jioni, harufu ya nguo, saa za kutoka nyumbani, bila ya kuitaja kazi. Mwambie aanze na dalili inayofaa watu wengi, na ile inayomfaa mmoja tu aiweke mwisho. Akitangulia kutaja nyavu, hapana tena cha kufikiri. Akitangulia kusema baba hutoka usiku na kurudi asubuhi, wenzake watamtaja mlinzi, muuguzi, mwoka mikate, na kila mmoja atalazimika kueleza kwa nini.