Kwa nini Stockfish yasema unashinda na mchezo waisha sare

Ndugu, umeuliza mbona Stockfish, injini yaani programu ya kompyuta ichezayo sataranji, inakupa zaidi ya pointi tatu mbele (pointi moja ni kama askari mmoja), ukifuata hatua zake sare, na mbona waandishi wake hawairekebishi. Mimi hufundisha vijana sataranji hapa Mkunguni, Lamu, na swali hili hulipata kila mara.

Hali yako ni ya ukuta. Askari wamefungana, mfalme wa mpinzani yuko ndani, hapaingiliki. Binadamu hutazama akajua. Injini yenyewe hupitia mamilioni ya hali kwa sekunde, na mwisho wa kila njia hukadiria nani yu mbele. Una kete zaidi? Basi yakuhesabia ushindi, kwa kuwa haifiki mbali kiasi cha kuona kwamba hatua 50 zitapita na bado mko pale pale, na kikanuni hiyo ni sare. Mwaka 2003 Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia, aliufunga mchezo wa tatu namna hiyo dhidi ya programu ya X3D Fritz. Programu ikabaki kuzungusha kete bila mpango, naye akashinda.

Ugumu uko kwenye tiba. Ukiiandikia kanuni ya kutambua ukuta, itaikagua katika kila hali inayopita, na karibu zote hazina ukuta. Spidi yashuka. Kwa Stockfish, badiliko la kuongeza nguvu hupimwa kwanza kwenye Fishtest, maelfu ya michezo dhidi ya toleo lililopo, kwa kompyuta za watu wanaojitolea. Kuta ni adimu humo: faida haionekani, hasara yaonekana. Badiliko lakataliwa, na kwa maoni yangu wana haki, maana wengi wetu twataka injini yenye nguvu kwa jumla.

Kuna na ile mbinu ya kuruka zamu. Injini hujiuliza, nikimwachia mpinzani acheze mara mbili, bado niko vizuri? Ikiwa ndivyo, njia hiyo huachwa bila kuchunguzwa zaidi na muda mwingi huokoka. Lakini zipo hali za mwishoni ambazo kulazimika kucheza ndiko kunakokuua. Hapo swali hilo ladanganya. Waandishi huizima upande ukibaki na mfalme na askari tu, ila balaa hilo hutokea hata kete nyingine zikiwepo.

Mtandao wa neva, yaani sehemu ya kukadiria iliyojifunza kwa mifano, ulioingia Stockfish 12 mwaka 2020 umepunguza makosa haya, haukuyamaliza. Majedwali ya miisho, yenye majibu yaliyohesabiwa tayari, nayo yana jibu kamili kwa hali zisizozidi kete 7 tu, wafalme wakiwemo.

Kwa hiyo tazama namba. Kina, yaani hatua inazotazama mbele, kikizidi na pointi zisipande, simamisha injini, ujionyeshe kwa kidole mfalme wako ataingilia wapi.