Re: Magari yaingie hadi kwenye mahema?

Ndugu yangu, umeuliza kama kwenye tamasha lenu la kambi hapo Bagamoyo magari yaingie hadi kwenye mahema. Mimi nasema hapana. Yashushe mizigo mchana, kisha yakaegeshwe nje. Giza likiingia gari lisitembee kabisa kati ya mahema, maana dereva anayerudi nyuma hamwoni aliyelala chini. Njia ya zimamoto na gari la wagonjwa ibaki wazi usiku kucha, hata mgeni rasmi akinuna. Namba ya dharura ya zimamoto, 114, ibandikeni getini. Bodaboda wapeni kijiwe chao hapo hapo nje, la sivyo watapenya tu (mnawajua). Mchanga wa ufukweni nao unameza matairi ya gari ndogo, kwa hiyo tafuteni mikokoteni ya kubebea magodoro na masufuria.