Zumu ya zamani: kabla hujalaumu vioo, shuku vyuma

Lenzi ya zumu, yaani ile inayoweza kukisogeza unachopiga karibu au mbali bila wewe kuhama, ikiwa imetengenezwa miaka ya 1970 au 1980 huwa na tabia moja inayowachosha wanaoinunua. Asubuhi inakupa picha ambayo unaweza kuhesabu kope za bibi harusi. Mchana, kamera ileile, mwanga wa kutosha, mkono umetulia, upande mzima wa kushoto umefifia. Wengi hapo huamua kwamba vioo vya zamani havikuwa na maana, wakaitupa lenzi kabatini au wakairudisha sokoni kwa hasara. Mimi napiga picha za harusi Bombo na Kampala, Uganda, na ndege nikipata nafasi, na lenzi hizi ndizo zilizonilea kazini. Ninavyoona, ukungu unaobaki palepale kila siku ni wa vioo, lakini ukungu unaohama ni wa vyuma. Kioo hakibadiliki kati ya saa nne na saa saba. Kinachobadilika ni namna kilivyokaa ndani ya mrija.

Lenzi isiyo na zumu, tuseme ya milimita 50 (namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta karibu zaidi), ina kazi rahisi: ukizungusha pete ya fokasi, ile inayoifanya picha iwe kali, kwa kawaida vioo vyote husogea pamoja. Zumu ina makundi mawili, matatu au zaidi ya vioo, na kila kundi lina mwendo wake. Mwendo huo hutoka kwenye mrija wa chuma uliochongwa mifereji iliyopinda. Ndani ya mifereji hukaa rola ndogo za shaba au plastiki, zilizofungwa kwa skrubu kwenye kundi la vioo. Ukivuta zumu, rola hufuata mfereji na kubeba vioo. Rola ikilika, au skrubu yake ikilegea, vioo vinaanza kucheza. Havihitaji kucheza sana. Kuinama kwa sehemu ndogo ya milimita kunatosha kuharibu kona moja ya picha na kuziacha tatu zikiwa safi.

Zile za kuvuta na kusukuma, zenye pete moja pana ya zumu na fokasi kwa pamoja, huchakaa kwa namna yake. Nyingi zina ukanda wa kitambaa cha manyoya mafupi kati ya mrija na mrija. Ukanda ukiisha, lenzi ikielekezwa chini hujivuta yenyewe hadi mwisho. Watu huona huo ni usumbufu tu, kumbe ukanda huohuo ndio uliokuwa unaizuia mirija isiyumbe pembeni. Kwa hiyo zumu inayoteleza ina uwezekano mkubwa wa kuwa pia na upande uliofifia.

Halafu uchakavu haulingani urefu wote. Mwenye lenzi wa kwanza kama aliishi kwenye milimita 200 akifuatilia mpira, mfereji na rola vimesuguana zaidi sehemu hiyo. Ndiyo maana utakuta zumu ya 70-210 iliyo safi kabisa kwenye 100 na 135, kisha ikifika 200 ni huzuni. Anayeipima sehemu moja tu ya zumu na kutoa hukumu hajapima kitu.

Tusisahau pia kwamba nyingine zilitoka kiwandani zikiwa hazifanani. Zumu ya kwanza kwa kamera za filamu ya milimita 35 ilitoka mwaka 1959, Voigtländer Zoomar ya 36-82, na ile Nikon 43-86 ya mwaka 1963 ilijulikana sana kwa picha laini na mistari iliyopinda, hata ikiwa mpya. Kuna nyingine ambazo jina moja limebeba lenzi tofauti. Kampuni ya Vivitar haikuwa na kiwanda chake. Lenzi yake ya Series 1 70-210 inayosifiwa sana ilitengenezwa kwanza na Kino Precision, baadaye Tokina, kisha Komine. Tazama tarakimu mbili za mwanzo kwenye namba ya lenzi: 22 ni Kino, 37 ni Tokina, 28 ni Komine. Kwa hiyo rafiki yako akikusifia yake, muulize namba kabla hujaamini kwamba yako ni mbovu.

Sasa tuje sokoni. Kampala lenzi hizi zinapatikana kwa bahati, mara ndani ya mitumba, mara kwenye meza ya fundi wa simu, mara kwa mzee aliyefunga studio yake. (Ukiongea Kiswahili kwenye soko la Owino kuna muuzaji atakuita afande, maana huku lugha hii huhusishwa na jeshi, na bei itategemea anavyowaona wanajeshi.) Usianze kwa kumulika vioo kwa tochi kama kila mtu afanyavyo. Anza kwa mikono. Shika lenzi karibu na sikio uitikise polepole. Mlio wa kitu kilicholegea si dalili njema. Ivute hadi mwisho wake, shika ncha ya mbele kwa vidole viwili uisukume kushoto na kulia. Kucheza kidogo si ajabu kwa umri huo, lakini ikigonga, rudisha. Zungusha zumu polepole kwenda na kurudi ukisikiliza mahali inapokwama au inapopitiliza bila kukaza. Ielekeze chini, kisha juu. Baada ya hapo ndipo uchukue tochi, uangalie fangasi na mafuta kwenye mapanga ya tundu la mwanga, vile vibati vyembamba vinavyolipanua na kulibana.

Jaribio lenyewe hufanywa na kamera, na linataka subira. Mimi hupenda kulenga minara ya redio iliyo juu ya kilima cha Kololo nikiwa mbali, asubuhi na mapema. Sababu ya asubuhi ni mabati: jua likishapanda, hewa juu ya mapaa ya mji huu hucheza, na lenzi ndefu yoyote, hata mpya kabisa, itaonyesha mnara unaotetemeka. Nimeona watu wakizilaani lenzi kwa kosa la hewa. Weka kamera kwenye stendi, zima utulizaji wa mtikisiko, tumia saa ya kujipigia ya sekunde mbili. Piga mnara ukiwa katikati, halafu uuhamishie kona zote nne, kwa tundu la mwanga lililofunguka kabisa na kwa f/8, yaani lililobanwa kiasi. Rudia kwenye urefu mfupi, wa kati na mrefu. Ukuta wa matofali siupendi kwa kazi hii, maana kamera ikikaa upande kidogo tu ukuta utakudanganya.

Kona zote nne zikififia sawasawa, huo ndio uumbaji wa lenzi. Kaza tundu hadi f/8 uendelee na maisha. Kona moja ikififia peke yake, hapo pana jambo. Jaribu kufokasi upya kwenye kona hiyo. Ikisafika, kioo kimekaa kwa kuinama. Isiposafika hata kidogo, kioo chenyewe huenda kimehama kutoka katikati.

Jaribio linalofuata wengi hawalifanyi, na ndilo lenye thamani kuliko yote: geuza kamera. Piga ikiwa imelala kawaida, kisha ikiwa imesimama kwa wima, kisha juu chini. Kosa la kudumu husafiri na kamera: kona mbovu ya fremu hubaki ni ileile ya fremu, popote utakapoigeuza. Lakini ikiwa ubovu unahama, kila mara unafuata upande ulioelekea ardhini au angani, basi ni uzito unaovuta kundi la vioo ndani ya mrija uliochakaa. Hapo umeshapata mgonjwa na ugonjwa. Lenzi ya aina ya kwanza unaweza kuizoea, kwa sababu unajua kona ya kuepuka. Ya pili haizoeleki, ni ya kwenda kwa fundi.

Kuna dalili nyingine ya uchakavu. Ifikie milimita 135 ukitokea 70, upige. Kisha ifikie 135 hiyohiyo ukitokea 210, upige tena bila kugusa fokasi. Picha zikitofautiana, rola ina nafasi ndani ya mfereji na hukaa upande tofauti kulingana na ulikotoka. Dawa yake haina gharama: kila mara fika unapotaka ukitokea upande uleule, na ufokasi baada ya kuzumu, si kabla. Najua tulifundishwa kufokasi kwenye urefu mkubwa halafu turudi nyuma, na kwa zumu nzima iliyoundwa kushika fokasi ushauri huo ni sahihi. Kwa iliyolika, usiuamini.

Kabla ya kuifungua lenzi, mshuku mtu wa kati: adapta, ile pete inayounganisha lenzi na kamera. Kamera zetu za sasa zisizo na kioo cha kurusha taswira hupokea lenzi za kale kupitia adapta, na adapta za bei rahisi mara nyingi hazina unene sawa pande zote. Funga lenzi ya milimita 50 unayoiamini kwenye adapta hiyohiyo. Kona ileile ikififia, zumu yako haina hatia. Adapta nyingi pia hutengenezwa nyembamba kidogo ili fokasi ipite mwisho wa alama. Kwa hiyo usizungushe pete hadi ikome ukidhani uko kwenye umbali usio na mwisho. Kuza picha kwenye skrini ya kamera, angalia kwa jicho lako.

Kuhusu kufungua, nina maoni makali kidogo. Skrubu za nje zinazoonekana, za sehemu inayoshika kamera na zile zilizofichwa chini ya mpira wa pete, unaweza kuzikaza mwenyewe. Nyingi za lenzi zilizobabaika huponea hapohapo. Ila bisibisi ya nyota ya kawaida huharibu vichwa vya skrubu za Japani. Tafuta ya JIS, kiwango cha Kijapani, au mwendee fundi wa simu mwenye vifaa vidogo vizuri na mkono usio na papara. Pete inayoshika vioo vya nyuma nayo hulegea, na hukazwa kwa kifaa cha ncha mbili, si kwa mkasi. Ukanda wa kitambaa uliolika hubadilishwa na wowote mwembamba unaolingana unene, mradi asiyejua asianze na hiyo kazi.

Rola na nyuzi za fokasi (mizunguko kama ya skrubu inayosogeza vioo) mwachie anayezijua. Katika baadhi ya lenzi, rola zina tundu lisilo katikati, na kiwandani zilizungushwa kidogo kidogo hadi vioo vikakaa wima. Ukizizungusha bila kuweka alama, umefuta kazi hiyo yote. Nyuzi za fokasi zikitoka, lazima zirudi kwa kuanzia mahali zilipoachania. Vijipete vyembamba vya shaba vilivyo chini ya skrubu si takataka. Kila kimoja kirudi mahali pake. Grisi ya baiskeli au ya gari usiikubali kabisa. Joto likiizidi, mafuta hujitenga na kutambaa hadi kwenye mapanga ya tundu la mwanga, na hapo tundu huanza kuchelewa kufunga. Mwambie fundi apige picha kila hatua anayofungua. Akikasirika, chukua lenzi yako uende.

Vumbi jekundu la barabara za murram ni adui wa vyuma kuliko wa vioo. Zumu ya kusukuma huvuta hewa kila unapoirefusha, na vumbi laini likichanganyika na grisi ya zamani linasaga mifereji. Nikipanda boda boda kwenda vijijini, lenzi inakaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, shida ni unyevu na fangasi. Boksi la plastiki linalofunga vizuri na vipakiti vya silika vilivyokaushwa yatosha; mchele uachie pilau.

Zumu ikishajulikana tabia zake, inatumika vizuri. Yangu nimeiwekea alama kwa rangi ya kucha mahali pawili inapokuwa kali kuliko pengine, na naitumia kana kwamba ni lenzi mbili. Kuteleza nimekumaliza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kama mkanda mpana, nusu yake juu ya pete na nusu juu ya mwili wa lenzi. Tundu f/8 nje ya nyumba, kasi ya shata isipungue 1/250 ya sekunde kwenye urefu mkubwa, na kama kamera ina utulizaji, iandikie mwenyewe urefu wa lenzi maana haiwezi kuujua. Kwenye kinamasi cha Mabamba inafanya kazi nzuri: korongo nyangumi husimama bila kusogea muda mrefu, anakusubiri ufokasi kwa mkono hadi uridhike. Usawa wa macho ya ndege ukiwa ndani ya mtumbwi, lenzi inalala mlalo, haipandi wala haishuki, basi vioo navyo vinatulia.

Harusini ni habari nyingine. Nje, akina mama wakiwa wamejipanga na gurbaba zao, vazi la wanawake wa Kinubi, naitumia bila wasiwasi. Ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, ambako ningelazimika kulifungua tundu la mwanga hadi mwisho na kumfuata bwana harusi anayetembea, siitoi. Huko naingia na milimita 50 ya f/1.8, na zumu inakaa kwenye begi hadi ndugu watakapotoka kupanga picha za familia.