Mkurugenzi mwenzangu anakula tenda zetu

Swali: Tuko wawili kwenye kampuni hapa Nakuru, juzi nimegundua mwenzangu amefungua kampuni ingine kwa jina la mkewe na tenda zetu anazipeleka huko. Naeza kumshtaki?

Jibu: Pole sana ndugu, huo ni usaliti kabisa. Sheria ya Makampuni ya 2015, kifungu cha 146, inamkataza mkurugenzi kujichukulia nafasi za kampuni, ila aliyeibiwa kisheria ni kampuni, so itabidi kwanza uombe korti ruhusa ya kushtaki kwa niaba yake. Akisema kampuni haikupata hasara usitetereke, korti inaweza kumwamuru arudishe faida yote. Hizo imeili na invoisi zitoe kopi leo leo, kabla hajazifuta.